Mgeni Anayeijua Lugha: Makazi na Utafiti katika Viunga vya Dar es Salaam

Katika barua ya mwaliko niliombwa nizungumzie mbinu za kukusanya msamiati wa mafundi seremala, kazi iliyonileta Dar es Salaam nikiwa mtafiti mgeni kati ya 2017 na 2018. Mhadhara huo niliuandika. Ulikuwa na majedwali matatu na mchoro mmoja, na naamini ungewafaa wachache walioketi safu ya mbele. Hata hivyo, nilipousoma upya niligundua kwamba jambo kubwa nililojifunza mwaka ule halimo katika jedwali lolote. Kwa hiyo, kwa idhini ya Mwenyekiti, nimeyaacha majedwali nyumbani. Nitazungumzia namna mtafiti anavyoingia, anavyokaa na anavyofanya kazi katika mji usio wake, hasa pale ambapo lugha ya mji huo anadai kuwa ni yake.

Hoja yangu ni fupi. Tumezoea kufundishana kwamba kikwazo cha kwanza cha mtafiti mgeni ni lugha, na kwamba anayeijua lugha amekwisha kuvuka nusu ya mto. Nitadai kwamba kuijua lugha nako kuna hatari yake, na kwamba hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa kuwa haionekani. Nitaieleza kwa kosa nililolitenda mwenyewe katika karakana moja ya Keko, Wilaya ya Temeke.

Wageni waliotangulia

Viunga vya Dar es Salaam vimepokea watafiti wageni kwa muda mrefu. J.A.K. Leslie, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, aliuchunguza mji huu nyumba kwa nyumba, na kitabu chake kilichotoka 1963 bado kinasomwa na kila anayeandika historia ya Temeke, Magomeni au Ilala. Marja-Liisa Swantz kutoka Finland aliishi Bunju, kaskazini mwa Kinondoni, katika miaka ya 1960, wakati Bunju ilipokuwa kijiji cha Wazaramo na wala si mtaa wa mji. Kitabu chake kuhusu mila na ishara za Wazaramo kilitolewa 1970. Baadaye, katika mradi wa Jipemoyo uliofanyika Bagamoyo miaka ya 1970, yeye na wenzake walikuwa miongoni mwa waliojenga mbinu tunayoiita leo utafiti shirikishi, yaani utafiti ambao mwenye ujuzi anahesabiwa kuwa mtafiti mwenza. Rajmund Ohly, Mpoland, alifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili miaka hiyo hiyo ya 1970, na kati ya matunda ya ukaaji wake ni kamusi ndogo ya lugha ya mitaani iliyotoka 1987. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling waliifuata njia hiyo katika kazi yao ya 2006 kuhusu lugha ya mitaani nchini Tanzania.

Orodha hii si kamili, na sikuikusudia iwe kamili. Nimeitaja ili nionyeshe kwamba wote hao walikuja wakiwa wageni dhahiri. Mtaa uliwaona wakija. Mtu alipoamua kuzungumza mbele ya Mfini au Mpoland alijua kwamba anazungumza mbele ya mgeni, na akachagua la kusema na la kuacha.

Mimi nilikuja kwa namna nyingine. Ni mzaliwa wa Mombasa. Katika mji wetu huo, mnamo Juni 1928, ulifanyika mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa. Kamati ya Lugha iliyoundwa kusimamia usanifishaji ilianza kazi 1930 hapa hapa Dar es Salaam, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamati hiyo ilihamahama, ikakaa Nairobi, ikakaa Makerere, ikapita hata Mombasa, kabla ya kurudi Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Nyumbani kwetu nyanya zetu husema *ndia* pale ambapo kitabu kinasema njia, na *mato* pale ambapo kitabu kinasema macho. Sisi tulikuwa na Kiswahili kabla hakijawa sanifu, na kiburi cha jambo hilo hatukifichi sana. Niliteremka basi la Mombasa nikiwa na kiburi hicho pamoja na sanduku moja la vitabu. Sikujiona mgeni hata kidogo.

Ngazi ya barua

Idara ya Uhamiaji haikunionea haya kunikumbusha. Mtafiti asiye raia anahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986 na kurithi kazi za Baraza la Utafiti la 1968. Ofisi zake ziko Kijitonyama. Kibali hicho hutolewa kwa mwaka mmoja na huweza kuhuishwa. Baada yake hufuata kibali cha ukaazi cha Daraja C, ambalo ni daraja la watafiti, wanafunzi na wengineo wa namna hiyo. Siku hizi maombi hutumwa kwa mtandao. Wenye kukusudia kuja kufanya utafiti nawashauri waanze miezi kadhaa kabla ya safari, wawe na barua ya taasisi mwenyeji, na wasikate tiketi ya siku maalumu.

Kilichonishughulisha zaidi ni kinachofuata kibali. COSTECH humtambulisha mtafiti kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Katibu Tawala wa Mkoa humwandikia Katibu Tawala wa Wilaya. Kutoka wilayani barua huteremka kwa Mtendaji wa Kata, kisha ofisi ya Serikali ya Mtaa, yenye mwenyekiti aliyechaguliwa na mtendaji aliyeajiriwa. Nilipofika mwisho wa ngazi nilikuwa na barua tano, kila moja ikiwa na muhuri wake. Nikiwa mwanaisimu nilizisoma kwa furaha ambayo maofisa waliozitoa hawakuielewa. Kwetu Kenya mwanafunzi hufundishwa kuandika *KUH:* au *MINT:* juu ya barua rasmi, hapa nilikuta *YAH:*, na chini yake ile sentensi isiyobadilika, "Husika na somo tajwa hapo juu." Jina langu lilionekana mara moja tu katika kila barua. Baada ya hapo niligeuka kuwa *mtajwa*. Mtajwa ni mtafiti. Mtajwa apewe ushirikiano. Katika rejesta hii mtu hageuki kiwakilishi, hugeuka kitenzi kilichotendwa.

Nilidhani ngazi imeishia ofisi ya mtaa. Mtendaji aligonga muhuri wake, akanitazama, akasema, "Sasa nenda kwa mjumbe." Wajumbe wa nyumba kumi ni mfumo ulioanzishwa na TANU katikati ya miaka ya 1960. Tangu kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992, mjumbe ni kiongozi wa shina la chama na wala si sehemu ya serikali ya mtaa. Hata hivyo, palipo na ugomvi wa wapangaji, msiba au mgeni asiyejulikana, watu wengi bado huanzia kwake. Mjumbe wangu alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akikaanga mihogo barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akafuta mikono, akazisoma barua zote tano kuanzia ile ya mkoa. Hakuwa na muhuri. Alivaa kandambili, akasema, "Haya twende," akanifikisha mwenyewe kwenye karakana. Nitarudi kwa mama huyu.

Mswahili Uswahilini

Nilipanga chumba na sebule Kijitonyama, Kinondoni. Kutafuta nyumba Dar es Salaam ni kazi ya dalali, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kwa taabu yake, wakati mwenye nyumba mara nyingi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Watafiti wanaolipwa kwa mwezi na vyuo vyao wasije kusema hawakuambiwa. Kinondoni ya wakati huo ilikuwa imekwisha kumegwa: Ubungo, yenye kampasi ya Mlimani, ilikuwa wilaya mbali, kama Kigamboni ilivyokuwa imetengwa na Temeke. Katika sensa ya 2012, kabla ya mgawanyo huo, Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049 na Temeke 1,368,881. Dar es Salaam nzima ilifikia 5,383,728 katika sensa ya 2022. Nazitaja takwimu hizi kwa sababu tunaposema "Kiswahili cha Dar es Salaam" tunakusanya chini ya jina moja watu wengi kuliko wakazi wa baadhi ya nchi.

Katika wiki za mwanzo lugha yangu ilikuwa ikinisaliti katika mambo madogo. Nilisema *stima*, mwenye nyumba akafikiri nazungumzia meli. Hapa ni umeme, na umeme hununuliwa kwa Luku. Jina hili lilianza kama kifupi cha "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo". Leo limekuwa nomino kamili, na mtu husema *Luku imeisha* bila kufikiria herufi zake, kama vile abiria wa daladala asivyofikiria ile *dala*, sarafu ya shilingi tano, iliyolipa jina basi lake.

Kubwa zaidi lilikuwa kitenzi *kupa*. Siku ya pili niliingia mgahawani karibu na kituo cha Makumbusho nikasema, "Nipe chai." Chai ililetwa, lakini dada aliyeileta aliiweka mezani kama mtu anayelipa faini. Kijana aliyeketi nami aliniuliza kwa upole, "Kaka, wewe Mkenya?" Ilinichukua muda kuelewa kwamba sikuwa nimekosea sarufi. Hapa ombi dogo kabisa hutanguliwa na *naomba*, na swali kwa mtu usiyemjua hutanguliwa na *samahani*. Kwetu, *nipe* iliyosemwa kwa sauti ya kawaida haina ubaya wowote. Wenzetu wa Dar es Salaam hupenda kueleza tofauti hii kwa kusema Wakenya hawana adabu. Maelezo hayo siyakubali. Adabu tunayo, ila imehifadhiwa mahali pengine katika sentensi. Lakini nilijifunza kuomba chai.

Jambo lililonigusa ndani lilikuwa jina langu lenyewe. Mimi ni Mswahili kwa maana ya kabila. Ndivyo nilivyolelewa kujitambulisha. Dar es Salaam nilikuta *Uswahilini*. Neno hilo lina historia. Mji huu uligawanywa na wakoloni katika sehemu za Wazungu, Wahindi na Waafrika, na mitaa kama ile ya Temeke na Magomeni ilipimwa na kupanuliwa kwa ajili ya Waafrika. Uzunguni wa zamani umebadilisha wakazi, lakini Uswahilini umebaki jina la mitaa ya nyumba zilizobanana, ya vibanda vya chipsi na muziki usiolala. Neno likazaa neno. *Acha Uswahili* maana yake ni acha ujanja, acha maneno mengi. Nilipomwambia jirani kwamba mimi ni Mswahili halisi, alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akanishauri nisiseme hivyo kwa mwenye nyumba kabla sijalipa kodi. Nilicheka naye. Usiku ule nilikaa nikifikiria kwamba jina nililoliona urithi, hapa lilikuwa jina la hali ya maisha, na kwamba watu waliolibeba kwa maana hiyo walikuwa wengi mno kuliko sisi wa Mombasa, Lamu na Pate.

Karakana

Keko inajulikana mji mzima kwa samani. Kando ya barabara utaona vitanda, makabati na fremu za makochi zimepangwa nje, na nyuma yake karakana zenye vumbi la mbao linaloingia hadi kwenye chai. Nilikwenda huko kwa swali ambalo bado nadhani ni zuri. Kamusi zetu, tangu zile za Johnson za miaka ya 1930 hadi *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* iliyotoka kwanza 1981, zina msamiati tele wa seremala: randa, patasi, keekee, jiriwa, msumeno, parafujo. Maneno haya yamebeba historia ya Bahari ya Hindi. *Randa* inatukumbusha Uajemi na India. *Parafujo* tuliachiwa na Wareno. *Msasa* ni wa hapa hapa: ni mti ambao majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijaja na kurithi jina. Nilitaka kujua ni yapi yaliyobaki mikononi mwa watu, na yapi yaliyobaki kwenye kamusi tu.

Jibu la haraka ni hili. Randa na msasa wako hai kabisa. Parafujo nililitamka, na fundi mmoja kijana akauliza kama ni aina ya mbao. Wao wanasema *skrubu*. Utepe wa kupimia ni *futikamba*. Chombo cha kupimia usawa ni *pimamaji*, na sijui kamati gani ya istilahi ingeweza kuunda neno zuri kuliko hilo. Kazi karibu yote imeegemezwa kwenye kitenzi *kupiga*: kupiga randa, kupiga msasa, kupiga vanishi.

Lakini orodha ya majina ya vifaa hukusanywa kwa siku tatu. Nilitaka zaidi ya hayo, nilitaka mazungumzo. Kila mwanaisimu wa jamii anajua tatizo aliloliandikia William Labov: tunataka kusikia watu wanavyozungumza wakati hawasikilizwi, na njia pekee ya kupata jambo hilo ni kuwasikiliza. Kwa mgeni wa dhahiri tatizo hilo halitatuliki kwa urahisi. Kwangu lilionekana limekwisha tatuka. Baada ya wiki mbili mafundi walikuwa wamenizoea. Waliniita mwalimu, na mmoja aliniita Mombasa. Nilikuwa nikishika upande wa pili wa ubao unapopasuliwa. Walitaniana mbele yangu, waligombana mbele yangu, wala hawakupunguza kasi ya maneno. Siku moja niliweka kinasa sauti kidogo katika mfuko wa shati, nikakiwasha kabla ya kuingia. Nilifanya hivyo siku tisa.

Nilikuwa na sababu zangu, na nilizipanga vizuri. Barua tano zilisema nipewe ushirikiano. Walijua kwamba ninachunguza lugha. Nisingetaja jina la mtu. Tena, nilijiambia, hawa ni ndugu zangu katika lugha. Si kama mtu aliyetoka Ulaya.

Siku ya kumi nilikwama kwenye neno moja nililolisikia katika rekodi. Nilimwendea fundi mkuu wakati wa chai na, bila kufikiri, nikamchezea kipande hicho ili anieleze. Neno lilipita. Kabla sijazima, sauti yake mwenyewe ikaendelea kutoka katika kile kidude, akisimulia habari za mteja mmoja, jirani wa mtaa ule ule, aliyechukua kabati kwa mkopo akashindwa kulipa, na sababu za nyumbani kwa mteja huyo za kushindwa. Karakana yote ilisikia. Randa zilinyamaza moja baada ya nyingine.

Hakunifokea. Alisema, "Mwalimu, wewe ulikuja kuuliza majina ya vifaa." Kisha akarudi kwenye kazi yake, na hakuna aliyeniambia neno hadi nilipoondoka.

Kesho yake nilikuta benchi nililozoea kukalia limewekewa mbao. Nilielewa. Nilikwenda barazani kwa mama mjumbe nikamweleza yote. Nilitarajia, naona haya kusema, kwamba angewaambia mafundi kuwa nina vibali vyote. Aliendelea kugeuza mihogo, kisha akasema, "Mwanangu, barua zako nilizisoma. Zilisema wewe ni mtu mwema. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia kwamba zinasema kweli."

Mheshimiwa Mwenyekiti, nilikuwa nimeisoma ngazi ile ya barua kama mwanaisimu, nikafurahia *mtajwa* na *YAH:*, nisiione maana yake. Niliiona kama urasimu wa kumchelewesha mtafiti. Kila muhuri ulikuwa dhamana. Mkoa ulimdhaminia mgeni kwa wilaya, wilaya kwa kata, kata kwa mtaa, na mwisho wa ngazi alisimama mtu asiye na muhuri aliyedhamini kwa uso wake, miongoni mwa watu atakaoishi nao mimi nikishapanda basi. Ofisi za juu zisingejua kamwe nilichofanya. Yeye alijua, na ilimbidi apite mbele ya karakana ile kila siku akienda sokoni.

Jioni alinipeleka. Tulikaa juu ya magogo, mafundi wanne, yeye na mimi. Alinitaka niseme mwenyewe. Nilisema nimerekodi siku tisa, saa kumi na moja kwa jumla, bila kuwaambia, na kwamba nimekosa. Fundi mkuu aliuliza swali moja tu: "Hizo sauti zimekwenda Kenya?" Nilijibu kwamba hazijakwenda popote. Kijana wa karakana akasema nifute ile ya kabati, nyingine zisizo na shida nibaki nazo. Hapo nilipata kishawishi kikubwa, kwa kuwa katika saa zile kulikuwa na mifano ya kiimbo ambayo sijaisikia tena mahali popote. Lakini nani angeamua zipi hazina shida? Ningeamua mimi, peke yangu, chumbani Kijitonyama, nikiwa na faili masikioni. Nilizifuta zote mbele yao. Sura ya kiimbo katika kitabu changu haikuandikwa, na wasomaji wawili wa muswada waliuliza iko wapi.

Idhini na ridhaa

Nilirudi karakanani baada ya siku chache, safari hii na fomu. Kamati ya maadili ya chuo chetu ilikuwa imenipa fomu ya Kiingereza ambayo nilitakiwa kuitafsiri, nami niliipa jina *Fomu ya Idhini*. Ilikuwa imelala katika begi tangu nilipofika, nikiona ni jambo la kuwatisha watu bure. Fundi mkuu aliisoma yote, polepole, kisha akauliza kwa nini imeandikwa idhini. Idhini, alisema, hutoa mkubwa kumpa mdogo. Bosi humpa mfanyakazi, baba humpa mtoto. "Sisi hatukupi idhini. Idhini umeshapewa huko juu. Unachotaka kwetu ni ridhaa."

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku hiyo. Maneno yote mawili tumeyatoa katika Kiarabu, na waandishi wetu huyatumia kama visawe. Nimeyakuta yakibadilishana nafasi katika fomu za hospitali na za vyuo. Lakini Kiswahili cha karakana kinayatenga. Idhini, kibali na ruhusa vina mtoaji na mpokeaji, vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, vinaweza kugongwa muhuri. Ridhaa ni hali ya moyo. Mtu huwa radhi, na anaweza kuacha kuwa radhi kesho asubuhi bila kukuandikia barua. COSTECH inaweza kunipa kibali cha mwaka mmoja. Ridhaa ya mwaka mmoja haipo.

Fomu yenyewe hawakuitia saini. Saini, nilielezwa, ni ya mkopo na ya polisi. Tulikubaliana kwa maneno, mama mjumbe akiwa shahidi. Kinasa sauti kingewekwa juu ya benchi, kwenye kopo lililokuwa la gundi, na kukiwasha ingekuwa kazi yao wala si yangu. Posho waliikataa wakati huo, ingawa katika mitaa mingine niliulizwa habari za posho kabla ya salamu kwisha, na simlaumu aliyeuliza; miradi mingi imempitia na mingi imemwacha alipokuwa. Wao walitaka kitu kingine. Walitaka, kila Ijumaa, niwasomee maana nilizoziandika wiki hiyo.

Kwa upande wa isimu nilipata hasara na faida. Mazungumzo yaliyorekodiwa kutoka kwenye lile kopo yalikuwa mazito, ya watu wanaojua wanasikilizwa. Kwa kuchunguza utani na kasi ya usemi hayakufaa kitu. Lakini Ijumaa zile zilinipa kitu ambacho kinasa sauti mfukoni kisingenipa kamwe, yaani fasili zilizobishaniwa na wenye maneno. Nitatoa mfano mmoja, nami nitaishia hapo kwa kuwa muda wangu umekwisha.

Niliandika: *mbao kucheza, ni mbao kulegea katika kiungo.* Nilikuwa nimelisikia mara nyingi, na niliona fasili yangu imekaa sawa. Nilipoisoma, fundi mkuu alitikisa kichwa. Kulegea, alisema, ni aibu ya fundi. Ulimi umechongwa mwembamba, au gundi haikukauka. Kucheza si aibu ya mtu. Mbao hucheza kwa sababu ni mbao: masika ikipata unyevu inavimba, kiangazi inasinyaa, na fundi anayejua kazi humwachia nafasi mbao yake acheze, ndiyo maana mlango wa mninga uliotengenezwa vizuri huonekana kama una kasoro siku unaponunuliwa. Kijana mmoja alipinga, akasema hata kiti kilichochakaa watu husema kinacheza. Fundi mkuu akasema hayo ni maneno ya wateja. Walibishana hadi adhana ya magharibi.

Nilikata mstari, nikaandika upya kwa sentensi mbili, nikampa daftari asome mwenyewe. Alisoma, akachukua kalamu ya seremala iliyokuwa sikioni mwake, akaongeza neno *kiangazi* pale nilipokuwa nimelisahau, akanirudishia.